Sura ya Nne: Joto Litokee Wapi

Balbu ya jikoni kwetu ilikufa mara tatu ndani ya mwaka mmoja. Kila mara nilinunua nyingine, kila mara boksi liliahidi saa 15,000, na kila mara baada ya miezi mitatu au minne ilianza kupepesa jioni, ikazimika, ikapumzika kidogo, ikawaka tena, mpaka siku ikagoma kabisa. Ya tatu sikuitupa. Niliipeleka kwa fundi redio wa mtaani kwetu, mzee ambaye meza yake imejaa redio zilizokwisha fumuliwa.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Lete tuione.”

Alikiminya kifuniko cheupe cha plastiki kikafyatuka kwa mlio mkavu. Ndani mlikuwa na kibati cha duara kilichopangwa punje kumi na mbili za manjano. Moja ilikuwa na doa jeusi katikati, dogo kama kichwa cha sindano. Akaligusa kwa ncha ya bisibisi.

“Hii moja ndiyo iliyoungua. Hizi nyingine zote nzima. Unaifunga wapi?”

“Jikoni, mzee, ndani ya globu ya kioo.”

“Globu yenyewe ina upenyo?”

“Hapana. Imefungwa pande zote, wadudu wasiingie.”

Aliiweka balbu mezani akanitazama. “Sasa joto lake litokee wapi?”

Nilikuwa nimesoma habari za taa hizi za LED kwa miaka, na swali hilo sikuwahi kujiuliza. Mimi, kama wengi, niliamini kwamba taa ya LED ni taa baridi. Sura hii ni safari yangu ya kulijibu swali la yule mzee, na inaanzia ndani ya ile punje.

Punje ya aina ile ina upana wa milimita 2.8 na urefu wa milimita 3.5. Manjano unayoyaona ni utando tu. Chini yake kuna kipande cha fuwele kisichofika hata milimita moja, na humo ndimo mwanga unamozaliwa. Fuwele hiyo imejengwa kwa matabaka. Upande mmoja una elektroni za ziada, upande wa pili una upungufu wa elektroni, yaani nafasi tupu ambazo wanafizikia huziita matundu. Ukiunganisha betri kwa mwelekeo ufaao, elektroni husukumwa kuvuka mpaka kati ya pande hizo mbili, zikatumbukia kwenye matundu. Katika kutumbukia hupoteza nishati, na nishati hiyo hutoka ikiwa mwanga. Hakuna waya unaochemka wala gesi inayowaka.

Rangi ya mwanga hutegemea kimo cha anguko. Aliyekulia chini ya minazi ataelewa upesi: nazi ya mnazi mfupi hudondoka kwa kishindo kidogo, ya mnazi mrefu humwamsha aliyelala ndani. Elektroni ikianguka kimo kifupi hutoa mwanga mwekundu, na volti 2 hivi zinatosha kuipandisha. Ikianguka kutoka juu zaidi hutoa bluu, na hapo hudai karibu volti 3. Kimo hicho huamuliwa na madini yaliyomo ndani ya fuwele. Ukitaka rangi nyingine, tafuta madini mengine.

Kutafuta huko kulichukua karibu karne nzima. Mwaka 1907 Henry Round, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Marconi, alipitisha umeme kwenye kipande cha kabidi ya silikoni akaona kinang’aa. Aliandika barua fupi kwenye jarida la umeme, na mambo yakaishia hapo. Miaka ya 1920 Oleg Losev, fundi wa maabara ya redio huko Urusi, aliuona mwanga huohuo, akaupima, akatambua kwamba hautokani na joto. Alikufa kwa njaa mwaka 1942, mji wa Leningrad ulipozingirwa na majeshi ya Ujerumani, akiwa na umri wa miaka 38. Nikikaa chini ya taa yangu usiku humkumbuka mtu huyo mara nyingi, kwa sababu alichokiona ndicho hiki kinachoniangazia, na yeye hakupata kuishi kukifaidi.

Mwaka 1962 Nick Holonyak wa kampuni ya General Electric, Marekani, alitengeneza LED nyekundu ya kwanza iliyofaa kutumika. Ndiyo mzazi wa kile kijitaa chekundu cha redio kilichokuwa kikituonyesha kwamba betri bado zipo. Baadaye zikaja za kijani na za manjano. Lakini nyumba haiangaziwi kwa nyekundu, na mwanga mweupe hauwezi kupatikana bila bluu. Bluu ilikawia miaka thelathini.

Madini yaliyotakiwa yalijulikana: naitraidi ya galiamu. Tabu ilikuwa kuyakuza yawe fuwele safi. Yalikuzwa juu ya sahani ya yakuti samawi, na kwa kuwa chembe za vitu hivyo viwili hazipangani sawasawa, fuwele ilitoka na nyufa na kasoro tele. Watafiti wengi waliiacha. Katika Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, Isamu Akasaki na mwanafunzi wake Hiroshi Amano hawakuiacha, na mwaka 1986 walifanikiwa kukuza fuwele nzuri kwa kutandika kwanza tabaka jembamba la kati, kama mjengaji anayelaza zege jembamba kabla ya kupanga matofali. Mtu wa tatu, Shuji Nakamura, alikuwa mwajiriwa wa kampuni ya Nichia katika mkoa wa Tokushima, mbali na vyuo vikubwa. Alijiundia mitambo yake kwa mkono, na mwaka 1993 kampuni ikatangaza LED ya bluu yenye mwanga mkali. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014.

Ilipopatikana bluu, nyeupe ilikuja upesi, na kwa njia ambayo mimi huiona kuwa ya ustadi kuliko zote katika habari hii. Fuwele ya bluu hufunikwa kwa utando wa silikoni uliochanganywa na poda ya manjano, iliyotengenezwa kwa yitriamu, alumini na chembe kidogo za seriamu. Sehemu ya mwanga wa bluu hupenya utando na kutoka ilivyo. Sehemu nyingine humezwa na poda, ikatolewa upya ikiwa manjano. Bluu na manjano zikifika machoni pamoja, ubongo huziita nyeupe. Taa nyeupe uliyonayo nyumbani, basi, ni taa ya bluu iliyovaa kanzu ya manjano, na ndiyo maana ukiitazama punje ikiwa imezimwa unaiona ya manjano kama kiini cha yai.

Ukiongeza poda, na kuichanganya na inayotoa wekundu kidogo, mwanga huwa wa joto kama wa balbu za zamani, ule unaoandikwa kelvini 2,700 au 3,000. Ukiipunguza unapata nyeupe kali yenye ubluu, kelvini 6,500, ambayo ndiyo imejaa madukani kwetu. Watu huipenda kwa sababu huonekana kuwa na nguvu zaidi. Mimi nasema wazi: chumbani na sebuleni haifai. Mwanga wenye bluu nyingi huuambia mwili kwamba bado ni mchana, na usingizi hukawia. Tena kumbikumbi na wadudu wengine wa usiku huvutwa zaidi na bluu kuliko na manjano, kwa hiyo taa ya barazani yenye rangi ya joto hukupunguzia wageni hao. Muuza nyanya naye ana sababu yake: chini ya taa hafifu isiyo na wekundu, nyanya nyekundu huonekana za kahawia, kana kwamba zimelala siku tatu. Boksi zuri huandika kipimo cha uaminifu wa rangi. Tafuta 80 au zaidi.

Punje moja haitoshi chumba, hivyo huwekwa nyingi. Njia ya kwanza ni ile niliyoiona kwa mzee: punje zenye vikasha vyao, zimepangwa juu ya kibati. Njia ya pili ni kuviacha vikasha kabisa. Vipande vya fuwele vyenyewe, makumi kadhaa, hugandishwa bega kwa bega juu ya bamba moja la alumini au la kauri, vikaunganishwa kwa nyuzi za chuma nyembamba kuliko unywele, kisha vyote vikamwagiwa utando mmoja wa manjano. Matokeo yake ni duara la manjano lenye ukubwa wa sarafu, na linapowaka huoni nukta nukta, unaona uso mmoja unaong’aa. Taa nyingi za kumulika bidhaa madukani ziko hivi. Kwa kuwa mwanga wote hutoka mahali pamoja, lenzi moja au kioo kimoja cha kurudisha mwanga hutosha kuuelekeza unakotaka, na kitu hutupa kivuli kimoja, si kumi. Lakini kadiri unavyokusanya mwanga mahali padogo ndivyo unavyokusanya na joto. Hilo ndilo swali la mzee, na nalirudia punde.

Kabla ya hapo kuna sehemu isiyoonekana, ile iliyofichwa shingoni mwa balbu. Umeme wa nyumbani ni volti 230, mkondo geu unaobadili mwelekeo mfululizo. Fuwele inataka volti 3 tu, mwelekeo mmoja, na zaidi ya yote inataka kiasi cha mkondo kisichobadilika. Hapo ndipo penye hatari. Ukiiongezea fuwele volti kidogo tu, mkondo hupanda sana. Mkondo ukipanda, fuwele hupata joto. Ikipata joto, hupitisha mkondo kwa urahisi zaidi, na mduara huo ukiachwa ujizungushe fuwele huungua. Kwa hiyo shingoni huwekwa saketi ndogo: diodi nne za kuunyoosha mkondo, kapasita ya kulainisha mawimbi yake, na kichipu kinachohesabu mkondo na kuuzuia usipite kiwango. Katika balbu za bei nafuu sana kapasita hupunguzwa au huondolewa, na mwanga huwa unapepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kichwa huuma. Elekeza kamera ya simu kwenye taa. Ukiona michirizi myeusi ikitembea kwenye kioo cha simu, umeijua.

Zamani vifaa hivi viliishi mbalimbali. Tubu laiti ilikuwa na staata yake, na kopo zito la chuma lililovuma juu ya dari. Siku hizi punje, saketi, kipoza joto na lenzi vyote vimo ndani ya kitu kimoja kinachokaa kiganjani, nawe unakizungusha kwenye holda ileile ya balbu ya zamani, umemaliza. Ndani ya jiko la chumba kimoja, kwenye kibanda cha M-Pesa, ndani ya daladala yenye dari fupi, umbo hilo dogo lina thamani kubwa. Halina waya wa kukatika kwa mtikisiko wala kioo chembamba, na huwaka papo hapo bila kusubiri.

Sasa joto. Balbu ya zamani ilichemsha waya hadi nyuzi 2,500 hivi, na sehemu kubwa ya nishati yake iliondoka ikiwa mionzi ya joto, iliyopaa pamoja na mwanga. Mkono ukiusogeza unaihisi kwa mbali. Balbu ile ilifanya kazi ya kuangaza vibaya sana, lakini joto lake ilijua kulitupa. Fuwele ya LED haina uwezo huo. Mwanga wake hauna joto, ndiyo maana tunaiita baridi, lakini zaidi ya nusu ya umeme unaoingia bado hugeuka joto mgongoni mwa fuwele, na joto hilo haliruki. Linatembea kwa miguu. Hutoka kwenye fuwele likapita kwenye lehemu, kutoka lehemu hadi kibati cha alumini, kutoka kibati hadi mwili wa balbu, na kutoka mwilini hadi hewani. Mlango mmoja ukifungwa, joto hurudi nyuma likajaa chumba cha kwanza.

Globu yangu ya kioo ilikuwa imefunga mlango wa mwisho. Hewa iliyomo ndani ilipata joto ikabaki humohumo, na juu yake mvuke wa jiko ukapanda darini. Punje hufifia kwa joto, utando wake hubadilika rangi, na kapasita ina sheria ambayo mafundi huikumbuka kwa kichwa: kila nyuzi 10 zinazoongezeka hukata maisha yake karibu nusu. Zile saa 15,000 za kwenye boksi hazikuwa uongo. Zilihesabiwa kwa balbu inayopata hewa, na mimi niliifungia.

Mzee alitia tone la lehemu juu ya ile punje iliyoungua, akaunganisha pande zake mbili ili umeme upite. Punje hizo hufungwa mfululizo kama shanga kwenye uzi, ikikatika moja zote huzimika, na kuiziba moja huziamsha kumi na moja zilizobaki. Iliwaka. “Imepona,” alisema, “lakini usiirudishe kwenye globu.”

Faida ya taa hizi watu huipima kwanza kwenye Luku, mita ya umeme wa kulipia kabla, na wana haki. Balbu ya zamani ya wati 60 hutoa mwanga wa lumeni 800 hivi. LED hutoa kiasi hicho kwa wati 8 au 9. Iwashe saa tano kila usiku: ya zamani hula yuniti 9 kwa mwezi, ya wati 9 hula yuniti 1.35. Zidisha kwa taa tano za nyumba ya kawaida, na tofauti ni yuniti 38 kila mwezi.

Lakini mahali ambapo mimi naiona faida yake kamili ni ziwani, wala hapana Luku huko. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika huvua katika usiku wa giza, mwezi usipoonekana. Huwasha taa juu ya maji, dagaa hukusanyika, wavu hupandishwa. Kwa miongo mingi taa hiyo ilikuwa karabai. Karabai inakunywa mafuta usiku kucha, inataka kupampiwa, kioo chake hupasuka kikirushiwa tone la maji baridi, na kile kifuko chake chepesi kinachong’aa huwa majivu yanayovunjika wimbi likigonga. Tena hutupa mwanga pande zote: angani, kwenye macho ya mvuvi, na sehemu tu majini. Wengi sasa wamehamia taa za LED zinazoendeshwa na betri. Fuwele hutupa mwanga mbele tu, basi mwanga wote huelekezwa chini kwenye maji. Imezibwa isiingie maji, haiogopi wimbi, na betri inachajiwa kwa jua mchana. Na juu ya ziwa, upepo ukivuma usiku kucha, joto lina pa kwenda.

Jua na LED zinapatana kwa sababu nyingine pia. Paneli hutoa mkondo mnyoofu wa volti ndogo, na fuwele inataka hichohicho. Taa ya wati 1 au 2, betri ndogo na paneli ya ukubwa wa daftari vinatosha mwanafunzi kusoma bila moshi wa kibatari. Balbu ya zamani ingedai paneli kubwa zaidi mara kadhaa.

Enejisava, taa zilizotangulia LED, nazo ziliokoa umeme, na tulizishangilia, ila ndani yake mna zebaki. Ikivunjika, sumu hubaki sakafuni mnapocheza watoto. Nchi za Afrika ndizo zilizopendekeza ziondolewe chini ya Mkataba wa Minamata, mkataba wenye jina la mji wa Japani ambako zebaki ya kiwandani iliwaua na kuwalemaza watu. Mwaka 2022 nchi wanachama zilikubaliana kwamba enejisava zisitengenezwe wala kuuzwa baina ya nchi baada ya 2025, na mwaka uliofuata zikazipangia tubu laiti mwisho wake, 2027. LED haina zebaki.

Kuna bei ya kuweka kila kitu pamoja, na inaniuma. Tubu laiti ikigoma ulibadilisha staata. Taa ya siku hizi iliyojengewa darini, punje moja ikiungua, duka linakwambia ununue taa nzima, pamoja na fremu na plastiki ambazo hazina kosa lolote. Kifuniko kingine kimegundishwa makusudi kisifunguke. Mafundi kama yule mzee hufufua chache, nyingi zaidi huishia jalalani na alumini yake. Ningependa serikali zetu zidai kwamba saketi itoke bila kuvunja mwili. Mpaka hapo, mnunuzi ajilinde: achague taa ya darini yenye holda, ambayo balbu yake hutoka. Asome lumeni, asidanganyike na wati. Azipime kwa mkono balbu mbili za bei tofauti. Nyepesi mno mara nyingi imenyimwa alumini, na alumini ndiyo njia ya joto. Atunze risiti, kwa kuwa balbu nyingi zina dhamana na karibu hakuna anayeidai.

Globu ya jikoni niliitoa siku ileile. Holda imebaki wazi, wadudu wachache huja na huondoka. Siku hizi kila balbu ninayofunga huiandika tarehe shingoni kwa kalamu ya wino mzito. Ile iliyotiwa lehemu na mzee ilidumu miezi minane zaidi. Iliyofuata ina wino uliokwisha kufifia kwa moshi wa kupikia, na ili kuusoma nililazimika kupanda kwenye kiti na kuipangusa: Machi 2022.